Kaniki Haikuwa Yako

Mwanangu Saru,

Salamu za nini, na chai tumekunywa pamoja sasa hivi? Uko hapo kwa jirani yetu Mama Mutua unaaga, kicheko chake nakisikia mpaka huku, na najua hutarudi upesi maana ukirudi nitakutuma maji. Basi kaa. Mimi nimeketi juu ya kitanda chako, sanduku lako liko wazi mbele yangu, na penseli ninayoandikia ni ile ya kuandika majina ya wenye nguo ninazowafulia. Ukiona mistari imepinda, ni kwa sababu meza yangu ni ubao wa kupigia pasi.

Ningeweza kukwambia kwa mdomo, kwa Kidawida chetu, lakini unanijua. Nikianza jambo la maana nashikwa na ukali. Naanza na marehemu baba yako, namaliza na sufuria uliloacha na ukoko. Kuandika kunanituliza kidogo. Tena kuna mambo siwezi kuyasema huku unanitazama.

Mambo ya kusali, ya kula, na ya kutompa mtu mzigo wako garini akushikie, hayo nimekupigia kelele tangu chuo kilipokuita. Ama yameingia, ama yametokea sikio la pili. Leo nataka kukuandikia juu ya nguo. Cheka ukitaka. Binti anakwenda bara kusomea ualimu, wa kwanza katika ukoo wetu, na mama yake badala ya kumpa hekima anampa habari za magauni. Cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Sababu ni siku ile tulipokwenda kwa Fundi Athumani, pale barazani kwa Mhindi, kukushonea nguo za safari. Mhindi alitoa majora karibu yote ya dukani. Kulikuwa na kijani, kulikuwa na maua, kulikuwa na ile rangi ya ganda la chungwa ambayo Mama Mutua, tuliyekwenda naye, aliishika akakataa kuiachia. Wewe ukapita zote hizo bila hata kuzigusa, ukaweka mkono kwenye bluu ya giza. Kisha kahawia. Kisha nyeusi. Athumani akatoa pini zake mdomoni akakuuliza, "Binti yangu, wenda kusoma au wenda kuzika?"

Ukacheka. Ukanishika bega, ukamjibu, "Ndizo rangi zetu, Fundi. Mimi na Mama ndivyo tulivyo."

Athumani alinitazama mimi, akaitazama kaniki yangu ya msiba, akarudisha pini mdomoni na kuanza kukupima bila neno. Na wewe unajua Athumani hanyamazi hata akiwa na homa. Nilitaka kukwambia pale pale, "Hapana, mwanangu, sivyo tulivyo, mimi ndiye niliyekufanya hivyo." Badala yake nikagombana na Mhindi juu ya bei ya vifungo.

Sasa nisikilize. Mimi mwenyewe kuvaa sikuwahi kujua. Siku ya harusi yangu kule Wusi niliazima gauni jeupe la mke wa mwalimu wa misheni, mwanamke mwembamba, hana mabega. Mimi mabega ninayo, nawe umeyapata pande zote mbili, kwangu na kwa baba yako. Walinifunga vifungo wanawake wawili, mmoja anavuta, mwingine anasukuma, wakaniambia nisipumue sana. Viatu navyo vya kuazima, tena vidogo. Nikauteremka mlima ule kwenda kanisani kama kuku aliyefungwa miguu. Njia nzima napigiwa vigelegele, nami machozi yananitoka, na watu wanasema, "Tazameni, bibi harusi analia kwa furaha!" Furaha gani? Vidole vya miguu vilikuwa vinawaka moto.

Baba yako aliponiona pale mbele aliniuliza kwa sauti ya chini, "Wakesho, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Akasema, "Mbona basi umesimama kama uliyemeza mwiko?" Kicheko kikanitoka katikati ya kanisa, na kifungo cha mgongoni kikaruka kikaanguka huko kwa mashangazi.

Kimanga cha harusi yangu mwenyewe sikukila. Maharagwe na mihogo iliyopondwa mpaka ikalainika, nilivyokuwa nakipenda, na watu wamekaa wanakichota mbele yangu, mimi nimekaa wima nikiogopa kulipasua gauni la watu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, husema wazee. Mimi lile lilinisitiri, ila liliniibia harusi yangu. Jioni nilipolivua nilikuwa na michubuko makwapani. Mpaka leo watu wakisimulia siku ile, walivyocheza na walivyokula, naona wanasimulia harusi ya mtu mwingine.

Baba yako hakulisahau jambo lile. Tulipohamia hapa Voi, naye akapata mshahara wake wa kwanza wa reli, aliniletea kitambaa cha kijani chenye majani majani, akasema nikashonewe niwezavyo kuinama. Hakusema nipendeze. Alisema niweze kuinama. Fundi alinishonea gauni pana mabegani, limelegea kiunoni, mifuko miwili mikubwa. Humo nilitia chumvi, njugu, na baadaye soksi zako. Lo, nililipenda gauni lile! Nikilivaa nilikuwa nasahau kama nimevaa kitu. Na cha ajabu ni kwamba wakati huo ndio watu walikuwa wakinisimamisha njiani kuniambia nimependeza. Nililivaa mpaka likachakaa, likaisha kwa kufuliwa.

Ulikuwa darasa la pili homa ilipomchukua baba yako. Alirudi kutoka kazini akasema kichwa, akalala, na hakuinuka tena. Tulimpandisha Wusi tukamzika kwao, na siku ile ile shangazi zako wakanivisha kaniki, nyeusi tii, ngumu, inanuka rangi ya dukani. Kulia nililia, Saru. Katika hilo nisikudanganye. Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nikiamka nanyoosha mkono upande wake kisha ndipo nakumbuka.

Lakini huzuni ya namna ile haikai mwaka hadi mwaka na makali yale yale. Hakuna aliyenifundisha hilo, nami naliona aibu hata kuliandika. Ilipofika siku ya kuanua matanga nilikuwa tayari kuvua. Nilikuwa nimechoka na weusi ule. Ndipo baba yako mdogo Mwakio akasimama mbele ya wazee, mkononi ana leso mbili mpya, nyekundu, nzuri kwelikweli.

"Shemeji," akasema, "matanga yameanuliwa. Vua hiyo uvae hii. Nyumba ya ndugu yangu isikae bila mwenyewe."

Wewe ulikuwa mdogo, hukujua maana yake. Kwetu nguo ile si nguo tu. Mjane akiipokea, amempokea aliyeileta. Ndio kurithiwa kwenyewe huko, bila kengele ya kanisa. Nami Mwakio sikumtaka. Hakuwa mtu mwovu, ila mkewe nilimjua, na nilijua ni alama gani za kupigwa alizokuwa akizificha kwa kufunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Ningemkataa wazi, ningelikataa na shamba la baba yako, lile la migomba na mahindi tulilokuwa tukila wewe na mimi. Mwalimu wa kanisa angenitetea kwa maneno. Shamba la kunipa hakuwa nalo.

Nikaishika kaniki yangu hapa kifuani, nikasema, "Nashukuru, Mwakio. Lakini moyo wangu bado haujaanua. Niache kwanza."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao akasema, "Mwacheni. Aliyefiwa hasukumwi." Basi nikaachwa.

Umeelewa sasa? Kaniki ile ikawa ua wangu. Ndani yake hakuna wa kunigusa, na shamba linabaki. Kila baada ya mavuno Mwakio alikuwa akiteremka Voi, kwenye chumba chetu hiki, na kile kifurushi chake cha leso kwapani. Kila mara nilimpa chai na kumwambia bado. Nilikuwa najiona mjanja. Nikifunga mlango nilikuwa nacheka peke yangu.

Sasa nafika pale panaponichoma. Siku moja alikuja ukiwa unachambua maharagwe. Nikamwekea kiti nje, ukutani, akanywa chai yake. Wewe ukanifuata ndani ukaniuliza taratibu, "Mama, bado una huzuni?"

Ukuta huu ni wa mabati, na masikio ya Mwakio nilikuwa nayajua. Nikakujibu kwa sauti ya kusikika, "Bado, mwanangu. Tena sana."

Ulisimama ukanitazama. Kisha ukaenda kwenye kikapu cha vitambaa, ukatoa kipande cha kaniki kilichobaki, ukaniletea. "Nishonee na mimi basi," ukasema. "Usihuzunike peke yako."

Nilikushonea. Mama mwenye akili angekikamata kitambaa kile akakitupa motoni. Mimi nilikaa hapo hapo nikatia uzi kwenye sindano, maana nilijua Mwakio akiona mpaka mtoto yuko kwenye kaniki ataamini. Na kweli, safari iliyofuata ulimfungulia mlango umevaa gauni lako jeusi, akakutazama, akakirudisha kifurushi kwapani, chai hakuinywa hata nusu. Nilifurahi, Saru. Mungu anajua nilifurahi.

Mwakio baadaye alihamia upande wa Salaita kulima, na ananiletea salamu kama shemeji yeyote. Shamba hakuna tena anayeliuliza. Ua umebaki na hakuna tena mtu wa kuzuiwa. Lakini wewe ulikuwa umeshakua ndani yake. Ukirudi shule unavua sare, unaingia kwenye giza lako. Kwanza kaniki, kisha bluu, kisha kahawia. Katika joto hili la Voi, na vumbi letu hili jekundu ambalo juu ya nguo nyeusi linaonekana hata ukiwa mbali! Wanawake kanisani wakaniambia, "Binti yako ana adabu, anakuheshimu." Nikazipokea sifa hizo na kushukuru. Sikuwahi kukwambia kwamba yale maneno niliyokujibu yalikuwa ya kumjibu Mwakio.

Unaikumbuka harusi ya binamu yako, kule juu? Walikulazimisha uvae gauni lao lenye rangi ya papai lililoiva, mikono mifupi, shingo wazi. Ulipotoka ndani mimi nilikuwa nakata vitunguu, nikaacha. Ulikuwa umesimama wima. Wewe siku zote unainama kidogo, unajua? Urefu wako unaufanya kama kosa la kuombewa radhi. Siku ile hukuinama. Bibi mmoja akasema, "Aa, huyu ni Mwadime mtupu," na kweli, nilimwona baba yako, mabega yake na rangi yake ile nyeusi inayong'aa, juu ya papai lile. Ulicheka kichwa kikaenda nyuma. Sikuwa nimewahi kukiona kicheko kile.

Wali haujaiva, nikakuona umeketi kando yangu, umerudi kwenye bluu yako. Nikakuuliza gauni liko wapi. Ukasema, "Nimelirudisha. Nilikuona uko peke yako, Mama."

Nikaendelea kukata vitunguu. Ndicho nilichoweza kufanya.

Sasa utaniuliza, na wewe Mama, Mwakio amekwenda zake, mbona huvui? Nimejaribu. Kuna gauni la mteja, la waridi, nililipiga pasi mwezi uliopita. Kabla ya kulikunja nililiweka kifuani nikajitazama kwenye kile kioo chetu kilichovunjika. Nikajiuliza, Wakesho, rangi hii unaipenda? Sikujua. Nikafikiria kijani, nikafikiria nyekundu, sikujua. Nilikuwa msichana mwenye mdomo na matakwa yake, nikajificha ndani ya kitambaa mpaka nikasahau nilimficha nani. Nililia siku ile kuliko nilivyolia tangu matanga, na gauni la watu nikalilowesha, ikabidi nilifue tena.

Naogopa hilo likupate. Naogopa ufike miaka yangu mtu akuulize unapenda nini, uende kutazama kwanza uso wa mama yako.

Sitakwambia vaa rangi ya papai. Nikikwambia hivyo nitakuwa nimekuvisha tena. Nitakwambia tu ninachokijua kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Nguo ya mtu inayombana huanza kuachia kwapani, hata kama ni ya bei. Nguo ya mtu anayejificha hukaa mpya kifuani ikachakaa mikononi, kwa maana haachi kuivuta. Mtu aliye sawa na nguo yake, nguo yake huchakaa kila mahali kwa pamoja, magotini, mifukoni, mgongoni. Hiyo naipiga pasi kwa raha. Huko uendako kuna baridi, utanunua sweta, utanunua koti. Usimwulize mwenzako kama imekupendeza kabla hujakaa nayo, hujainama, hujainua mikono kama unayeandika ubaoni. Kazi yako itakuwa kuandika ubaoni, na watoto watakuwa nyuma yako wanatazama. Kioo kiulize mwisho. Na ukijaribu rangi ukaiona kali, usiitupe siku hiyo hiyo. Ivae mpaka dukani urudi. Utakosea, utanunua kituko, watakucheka bwenini. Cheka nao. Mimi kifungo kiliwahi kuniruka mbele ya mchungaji.

Wasichana wa huko wengine watakuwa wanavaa kama picha za magazeti, na utadhani ndio watu. Wengine watakuja na nguo moja tu, wanaifua usiku. Wote hao waangalie kwa upole. Hujui nani kamvisha nani.

Nasikia Mama Mutua anakusindikiza sasa, kwa hiyo niharakishe.

Nguo zako za safari sikuzigusa, Saru. Niliziinua moja moja, ile bluu, ile kahawia, ile nyeusi. Nilitaka kuzitoa nitie kitu kingine, nikazirudisha zilivyokuwa. Nimewahi kukuvisha pasipo haki, sitakuvua kwa nguvu. Barua naiweka chini ya nguo hizo kabisa, uione ukiwa umeshafika.

Najua kinachokushika, si rangi. Unaona ukivaa kitu cha furaha utakuwa umetoka nyumbani ukaniacha na msiba. Lakini msiba wa baba yako niliumaliza kitambo, nikakuachia wewe uubebe, na hukuwa hata umepewa nafasi ya kumlilia mwenyewe. Mlilie huko, siku moja, kama baba yako, si kama mume wangu. Kisha nenda dukani. Ukivaa rangi nyingine usifikiri umeniacha peke yangu. Aliyeniacha ni baba yako. Wewe, mwanangu, unasafiri tu.

Mama yako,
Wakesho